Karanga za mu Vumbi

Mudogo yako Numbi anaenda na weye. Nimekubali. Usirudi kuniuliza tena kusudi uhakikishe, na usiniangalie na yale macho yako ya kushukuru, sababu nitageuza neno. Nguo zake tatu na sweta nimezifunga mu kitambaa cha manjano, viatu iko chini. Kesho kamyo ya Kabondo-Dianda ikipiga honi mu njia, mutapanda wawili, muende ku yale masomo wanakokungoja ufundishe.

Sasa salamu. Ngoie, mutoto yangu wa kwanza, madame mwalimu, jambo. Minyi mama yako niko muzima, niko na wivu, na ninaandika.

Umeenda kuaga bantu ba korali, wenye munaimbaka nao ku kanisa, na jua iko bado juu ya paa. Nimekaa ku mulango wa jiko na kaye ya hesabu ya mudogo yako Banza, kurasa za nyuma zile hajachafua. Utaikuta barua hii ndani ya Biblia yako. Sitakuambia uchemshe maji ya kunywa, sitakuambia ufunge mulango. Ulijua kufunga mulango mbele ya kujua kuhesabu, na minyi njo nilikufundishaka. Hiyo hakuna mutu wa njia yetu anaweza kunibishia.

Acha nijisifu kwanza kidogo, sababu kule chini ya barua nitajishusha, na sitaki nifike kule mikono mitupu.

Unajua nilitokaka masomo ku kilasi cha sita. Baba yangu alisema inatosha, mwanamuke akijua kusoma wimbo mu kitabu cha kanisa amemaliza. Nilionea wivu wale wasichana waliovaa sketi ya bluu ya sekondari, niliwaonea wivu mupaka nikawa nabadilisha njia kusudi nisikutane nao. Wivu ile sikuitupa. Niliijengea nyumba. Nilipopata lupango yangu, nyumba na kiwanja chake, na batoto yangu, nilifungua masomo mule ndani, na direkteri alikuwa minyi.

Bamama bengine walituma mutoto kazi yoyote iliyo karibu na mukono. Minyi hapana. Kwangu kila kazi ilikuwa na majira yake na miaka yake. Mwisho wa kiangazi, mbele ya mvula ya kwanza, nilikuwa nawasimamisha wote ku ukuta wa jiko na kutangaza mu Kiluba nani amepanda kilasi. Mutoto wa miaka ine alipewa fimbo ya tete kufukuza kuku ku mihogo inayokauka. Wa miaka sita alipasua karanga za mbegu, na alipasua akipiga mluzi, sababu kinywa kinachopiga mluzi hakitafuni. Wa miaka nane, bidon ya lita tano ku chemchemi, na tano njo tano, hata alie kwamba anaweza kumi. Kumi, sombe, majani ya mihogo, mu kinu kidogo. Kutwanga mahindi na mutwangio mukubwa, na kupaka kuta udongo mweupe mbele ya Noeli, hiyo ilikuwa ya miaka kumi na mbili kwenda juu. Banza naye hakuniponyoka. Alichimba mufereji wa maji kuzunguka nyumba kama wanaume wote, lakini karanga alipasua, na mluzi alipiga, na leo anapika bukari, ugali wetu, ambayo bibi yake, yule atakayemuoa, atanishukuru siku moja.

Niliandika yote na makaa nyuma ya mulango wa jiko. Bamama ba kanisa walikuja kusoma. Mumoja alinakili ku mukono wake na biki. Niliwaachia mulango wazi siku mbili nzima, nikisema joto ni kali.

Njo pale Mama Mado alihamia ng'ambo ya uzio.

Ulikuwaka na miaka saba. Bwana yake alikuwa soda, askari wa jeshi, ku Base, nyumba za kambi hazikutosha, wakapanga ile nyumba ya bati jirani yetu. Unamukumbuka vizuri kuliko minyi ninavyotaka. Mwanamuke wa kucheka kutoka asubuhi. Alikuwa anacheka na chungu, anacheka na mbuzi. Na alikuwa na ule Mado wake, miaka saba sawa na weye, mwembamba kama musumari mutupu, na juma lile la kwanza nilipochungulia juu ya uzio nilimuona Mado anatwanga mahindi. Na mutwangio mukubwa. Mutwangio wa mama!

Nilimuita: "Mama Mado, huyu mutoto hatavunjika mugongo?"

"Atavunjika nini? Anacheza tu. Akichoka ataacha. Na wako, anafanyaka nini?"

"Wangu anapasua karanga za mbegu."

"Karanga!" Akacheka. "Eh, Mama Ngoie, na maandiko yote yale mazuri nyuma ya mulango wako? Nilizani mutoto wa kwako anaendesha kamyo!"

Hakucheka kwa ubaya. Leo naweza kuandika vile. Siku ile hapana. Bamama wawili walikuwa wamesimama pale na beseni zao ku kichwa, wakacheka naye, na minyi nilisikia moto unapanda kutoka mu miguu. Weye ulikuwa nyuma yangu, umeshika kitenge changu. Nilisema kwa sauti, na nilisema Kiswahili, hapana Kiluba chetu cha nyumbani, sababu mbele ya wageni nilipenda wasikie Kiswahili changu cha masomo: "Ngoie wangu mwaka huu anapanda! Anapanda mbele ya wote!" Nikageuka kwako: "Si njo vile? Kesho unapanda. Usingoje mutu akuambie mara ya pili."

Minyi nilitaka kusema kilasi. Kwamba nitakurusha madarasa mawili, nikupe kinu, nikupe mutwangio, nikupe hata kamyo kama ingekuwapo, kusudi Mado asikupite. Lakini weye mu miaka yako saba, neno kupanda la Kiswahili ulikuwa umelisikia mahali pamoja tu: ku shamba.

Kesho yake nilikuwa nimeenda ku soko kuuza sombe. Nilirudi jua likiwa katikati. Ulikuwa umesimama mu lupango na jembe langu la zamani lisilo na mupini, magoti meupe ya vumbi, na uso wako, Ngoie, ule uso sijauona tena mupaka siku uliposhika diplome yako. Ulisema:

"Mama, nimepanda zote. Hakuna mutu aliniambia mara ya pili."

Zote. Chungu cha mbegu kilikuwa kimelala ubavu. Karanga za shamba nzima, zile nilizochagua moja moja, ulikuwa umezifukia mu udongo mukavu kama majivu, mwezi wa tisa, hakuna wingu hata moja, mistari kutoka ku jiko mupaka ku choo. Na kuku walikuwa wanakufuata nyuma, kwa adabu, mustari kwa mustari, kama bantu wanaopokea meza ya Bwana. Zile kuku waliacha, siafu walikuwa wamekwisha kuanza.

Nilikupiga. Hiyo unajua. Lakini sikiliza kitu kimoja ambacho pengine hujui, au unajua, na hapo njo ninaogopa. Nilikuwa napiga kelele: "Nani alikuambia upande mu kiangazi? Nani?" Mama Mado alikuwa ameweka kidevu chake juu ya uzio. Na weye uliinua macho, ukafungua kinywa. Ulikuwa unaenda kunijibu. Jibu lilikuwa moja tu, na jirani alikuwa anasikiliza. Nilikupiga mara ya pili kusudi usijibu.

Miaka kumi na sita imepita juu ya ule mukono.

Mama Mado alizunguka uzio mbio, kitenge kinamufunguka. "Mama Ngoie, acha. Acha, mama. Angalia mistari. Weye uliona wapi mutoto wa miaka saba anapiga mistari ya namna hii? Hata baba yake Mado hapangi masoda namna hii." Akapiga magoti mu vumbi, akamuita Mado, mukaanza kufukua na vidole. Mulipata kama nusu bakuli. Jioni alileta mbegu zake mwenyewe mu sahani ya mabati ya maua, akaiweka ku mulango wangu, akarudi kwake. Hata hakucheka. Angecheka ingekuwa muzuri kwangu. Mwaka ule nilipanda karanga za Mama Mado, nikala karanga za Mama Mado, na zilikuwa tamu, na utamu wake ulinichoma kama pilipili.

Nyuma ya pale ulianza kuvuka uzio. Masomo yakiisha, unaweka mufuko, unavuka. Kwake ulipasua karanga, ulichambua maharagi, ulitwanga ukichoka unaacha. Ulipiga mluzi. Kwangu hukupiga tena. Kwangu uliuliza. "Mama, nianze?" "Mama, hizi hapa?" "Mama, unasema kweli?" Mara tatu, na kisha njo unashika kazi, na ukiishika unaniangalia mukono.

Bantu waliniambia: una mutoto mwenye heshima sana. Nilipokea ile sifa. Nilisema, njo malezi.

Lakini nilikuwa nasimama karibu na uzio nikijifanya naanika nguo. Nguo moja nilikuwa naianika mara ine. Nilisikia Mama Mado anakuambia, "Weye kidole chako ni kama cha fundi wa saa," nikasikia unacheka, na nilitaka kuvuta ile nyumba ya bati na kamba niiangushe. Nilikuwa naita: "Ngoie! Rudi, maji imeisha!" Maji haikuwa imeisha. Minyi mwenyewe nilimwaga bidon nyuma ya choo, kusudi kuwe na maji ya kuchota. Ulirudi mbio, ukachota. Nilipata maji, na mutoto pale, na sikupata kitu.

Halafu ile hadisi yenyewe. Unajua nani aliifanya kuwa hadisi ya kuchekesha? Minyi. Kila arusi, kila matanga siku bantu wanaanza kucheka tena, nilisimama nikaonyesha kuku wanavyofuata mustari. Ninajua kuiga kuku, siwezi kukataa. Wajomba zako walikuita Mupanda-vumbi. Hata siku ya diplome yako, ule mujomba wako Kabamba aliinua chupa ya Fanta akasema, "Mupanda-vumbi amepanda mupaka juu!" na wote walianguka na kucheka, na weye ulicheka. Mu hadisi yangu, mama anatoka ku soko na anakuta ajabu. Jioni ya mbele yake, ile iliyotangulia, mama na mudomo wake ku uzio, hiyo niliikataka na kisu. Hakuna mutu amewahi kuisikia, hata baba yako.

Na weye hukuisema. Hapo sielewi, Ngoie. Kama ulisahau, nimekukumbusha leo na utanihukumu. Kama unaikumbuka, umenyamaza mbele ya wajomba, mbele ya marafiki, umebeba jina lile kwa ajili yangu, na basi heshima yako ni kubwa kuliko malezi yangu. Nimekuwa fiyere, nikajivuna, juu ya kitu kisicho changu.

Njo sababu siku ya kwanza ya juma hili uliposema, "Mama, nipe Numbi," nilikuwa mukali vile. Nilikuambia, "Hujapokea hata chaki, unataka mutumishi?" Ulisema polepole, ukikunja nguo: "Si mutumishi, mama. Mutoto ana miaka sita. Anauliza mara tatu mbele ya kushika ufagio." Nilitoka. Nilienda kuosha sufuria iliyokuwa safi. Siku ya pili nilisema hapana. Siku ya tatu nilisema Numbi ana kikohozi, na Numbi akapita pale anaruka kamba.

Leo mchana ulikuwa unafua, na Numbi amekaa karibu na beseni yako na karanga zangu za mbegu mu sahani. Nilikuwa nyuma ya kamba ya nguo. Hapana, sikujificha. Nilikuwa pale tu.

"Yaya Ngoie, dada yangu, nipasue zote?"

"Zote. Zile zilizokunjamana weka pembeni, tutakaanga."

"Na nikikosea?"

"Ukikosea tutachambua tena. Karanga haina macho, haitakucheka."

"Na mama?"

Ulikamua shati, ukalipiga upepo, ukasema: "Mama alifundisha bantu wengi hii kazi. Anajua karanga zinapotea."

Numbi alipasua moja, akapasua ya pili. Halafu akapiga mluzi. Kupitia lile pengo la meno ya mbele, mluzi mubaya kabisa, upepo mutupu. Sijamusikia Numbi kupiga mluzi mu lupango hii tangu nimupe kazi ya karanga. Na minyi niliyeweka sheria ya mluzi, niliyeiandika na makaa, nilisimama pale na kibanio cha nguo mu kinywa na wivu ikanishika mupaka ku magoti. Hapana ya jirani tena. Ya kwako. Wivu ya mutoto niliyezaa, juu ya mutoto niliyezaa.

Nilifikiri: sasa nimuite. Nimuambie maji imeisha.

Niliangalia bidon. Ilikuwa imejaa. Nikaiacha.

Basi mupeleke. Ana miaka sita, karanga zinamutosha. Akifika miaka nane na jirani ya kule akijisifu kwamba wake anabeba bidon ya ishirini, weye utajua namna moto unapanda kutoka mu miguu. Utaujua, sababu weye ni wangu, hata ukiwa na diplome. Na siku moja atavuka uzio kwenda kwa mwanamuke mwingine anayecheka, atapiga mluzi kule, na utasikia. Usimwage maji. Sina neno lingine la kukupa kuhusu kulea, na hili lilinigharimu.

Akikuita mama kwa kukosea, usimukaripie. Lakini usinipigie simu kunisimulia.

Ninaonea wivu hata wale batoto wa kilasi chako, hamsini au sitini, sijui, wenye watakuona kila asubuhi na koti lako lililopigwa pasi, na watazani uliota vile peke yako. Hakuna mutu atawaambia ulitoka ku mulango upi. Kama kuna siku umechoka na huna la kuwafundisha, waambie kuhusu mulango wangu. Nitafurahi. Hiyo si kujisifu, hiyo ni kutaka tu.

Jana nilituma Banza na baisikeli mupaka upande wa Base, kwa Mama Mado. Sijamualika tangu wahame. Banza anasema alicheka mupaka akakaa chini, akauliza kama kuku wangu bado iko na adabu, akasema atakuja. Wajomba nitawaita wote, Kabamba wa kwanza, na baba yako nitamukataza kwenda popote. Tutang'oa karanga mbichi na kuzichemsha na chumvi, na watataka hadisi, kama kila mara, na nitaisimulia. Nitaanza ku uzio, jioni ya mbele yake, na mudomo wangu, na lile neno, na nani alilisema. Nitafika mupaka ku mukono wa pili. Weye utakaa karibu yangu, hutajibu kitu. Wakisha kusikia, tutaona nani bado ana kinywa cha kukuita Mupanda-vumbi.

Kwa hiyo usinitolee sababu ya mukutano wa walimu, usiniambie njia ni mbaya, mvula itakuwa mingi kwetu wote. Mama yako anawangojea, weye na Numbi na wote, siku ya posho, njo Jumamosi, ile ya kwanza nyuma ya Bonane ya mwaka mupya.